MWENYE UFUNGUO SI LAZIMA AWE MWENYE KOSA



Katika matawi yetu ya huku ziwani, tangu Kisumu mjini mpaka Ahero, Bondo na Homa Bay, liko swali moja linalowakosesha usingizi wenzetu wanaofanya kazi mashuleni. Nalo ni hili: picha chafu zikionekana kwenye kompyuta ya shule, na mimi ndiye niliye na ufunguo wa chumba, nitajitetea namna gani?

Tumeona yafaa tulijibu hapa, mbele ya wote, kwa maana si swali la mtu mmoja. Wanaoliuliza ni mafundi wa maabara, makarani, na walimu walioajiriwa na halmashauri za shule kwa mshahara mdogo na barua fupi ya kazi. Walimu wa Tume, yaani TSC, wana vyama vyao, KNUT tangu mwaka 1957 na KUPPET tangu 1998, nao wana taratibu zao za kusikilizwa. Huyu wetu wa halmashauri mara nyingi hana ila sisi.

Kwanza tuseme wazi jambo moja, asije mtu akatugeuzia maneno. Chama hiki hakitamtetea mtu aliyewaonyesha watoto uchafu kwa kusudi. Watoto wale ni wetu, wametoka Nyalenda na Manyatta na Dunga, na sisi ndio tunaowalipia. Akipatikana mwenye kosa, ashitakiwe. Lakini kupatikana na kosa si kushukiwa, wala si kukutwa karibu na mashine.

Mtu akitunza ghala la magunia, hesabu yake ni rahisi. Magunia yameingia kadha, yametoka kadha, na mlango una kufuli moja. Gunia likipungua, ni haki mtunzaji aulizwe. Wakubwa wengi wa mashule bado wanafikiri hivyo hivyo juu ya chumba cha kompyuta. Chumba hicho si ghala. Waweza kutia kufuli mbili na kuweka askari mlangoni, na uchafu ukaingia vile vile, kwa kuwa njia yake haipiti mlangoni.

Tueleze kwa maneno rahisi. Mtu hufungua ukurasa wa mtandao usio na ubaya, kama ule wa mitindo ya nywele au wa matokeo ya mpira. Ikiwa mashine haina kinga, ukurasa ule waweza kuingiza programu ya siri, na tangu saa ile madirisha ya picha hujifungua yenyewe, moja baada ya jingine, na kila ukifunga moja yanakuja mawili. Au mwalimu anakuja na flashi yake aliyoitumia kwenye saiba mjini, anaichomeka ili achapishe mtihani, na ugonjwa wote wa saiba unahamia shuleni. Au mtoto wa kidato, ambaye kwa mambo haya ana akili kutushinda sisi sote, anaingia kwa neno la siri la fundi. Na asijue vipi, nalo limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kwa sababu mwalimu mkuu ameamuru kila mtu atumie lile moja? Katika yote haya, jina litakaloonekana ndani ya mashine ni la fundi.

Hata saa ya mashine yaweza kumsingizia mtu. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, kazi yake ni kushika saa na tarehe wakati umeme haupo. Mashule yetu mengi yana kompyuta kuukuu, nyingine zilitolewa kama msaada baada ya kutumika ng'ambo. Betri ile ikifa, umeme ukikatika tu, na sisi wa huku twajua unavyokatika, saa inarudi nyuma miaka, mpaka mtu aisahihishe au mashine ipate saa mpya mtandaoni. Basi mtu anachapisha orodha ya mambo yaliyofunguliwa, anaiweka mezani mbele ya halmashauri, anasema, tazameni tarehe, siku hii chumbani alikuwa fulani. Hakuna aliyeuliza kama saa yenyewe ilikuwa nzima.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya kutafuta visingizio. Mwezi wa Oktoba 2004, katika mji wa Norwich, jimbo la Connecticut huko Marekani, mwanamke aitwaye Julie Amero alikuwa akifundisha kwa muda, badala ya mwalimu asiyekuwapo. Alikuwa mja mzito. Kompyuta ya darasa ilikuwa ya zamani, yenye Windows 98, na kichujio cha shule kilikuwa kimekwisha muda wake. Yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa asiizime. Watoto walikuwa wametazama ukurasa wa mitindo ya nywele, na mara picha chafu zikaanza kufunguka zenyewe. Alikwenda kuomba msaada kwa walimu wengine, asipate wa kuja kuondoa balaa lile. Mwezi wa Januari 2007 baraza la mahakama lilimwona ana hatia kwa makosa manne, naye akakabiliwa na kifungo kinachoweza kufika miaka 40. Askari aliyeichunguza kompyuta hakutafuta programu za siri ndani yake.

Mafundi wa kompyuta waliposikia habari hiyo walijitolea bila malipo, wakachunguza nakala ya mashine ile, wakaonyesha kilichotokea. Mwezi wa Juni 2007 hakimu alifuta hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya. Lakini angalieni mwisho wake, ndugu. Mwezi wa Novemba 2008, baada ya miaka minne ya kuteswa, alikubali kosa dogo la kuvuruga utulivu, akalipa dola 100, na akaachia cheti chake cha ualimu. Mashtaka makubwa yaliondolewa, kazi haikurudi. Kwetu sisi watu wa chama hapo ndipo penye uchungu.

Na si mashuleni tu. Michael Fiola alikuwa mtumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts. Alipewa kompyuta ya kazi mwaka 2006, akafukuzwa mwezi wa Machi 2007, kisha akashitakiwa kwa picha za watoto zilizokutwa ndani yake. Mwaka 2008 mashtaka yalifutwa, baada ya wataalamu kuonyesha kwamba mashine ilijaa virusi vilivyokuwa vikifungua kurasa vyenyewe. Mwajiri alimfukuza kwanza, uchunguzi wa kweli ukafanywa baadaye, tena kwa fedha ya mfanyakazi.

Turudi kwetu. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, mashine zimeongezeka na walezi wa mashine hawakuongezeka kwa kipimo hicho. Sheria nayo imekuwa kali. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 24, inaweka faini mpaka shilingi milioni 20, au kifungo mpaka miaka 25, au vyote viwili, kwa picha chafu za watoto. Hatuipingi. Ila someni vizuri, kifungu hicho kinamtaja mtu atendaye kwa kusudi. Kuwa na ufunguo mfukoni si kusudi.

Tena iko Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo wakubwa wengine hupenda kuisahau. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenziwe au mwakilishi wa chama hapo hapo. Hata anayefukuzwa papo hapo lazima asikilizwe kwanza. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu yake. Akishindwa, kufukuza huko si kwa haki, na fidia yaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Basi twawaambia wenye halmashauri hivi. Kama mnataka fundi ajibu kwa kila kinachoonekana kwenye kompyuta, mpeni uwezo wa kukizuia. Lipieni kinga ya virusi na kichujio, kila mwaka, kama mnavyolipia chaki na mahindi ya watoto. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri, na mwalimu mkuu pia. Likitokea jambo, mashine ifungwe na kutiwa alama mbele ya pande zote mbili, achunguze mtu mwenye ujuzi asiye wa shule, na mfanyakazi angoje nyumbani kwa mshahara kamili. Fedha ya kichujio ni ndogo kuliko fidia, kama huruma haiwashawishi.

Nanyi wanachama, msitutie aibu. Picha zikitokea, zima kioo au kigeuze, watoe watoto nje, kisha mwite mkubwa wako mara moja. Usianze kufuta. Twajua mkono unawasha kufuta, lakini anayefuta huonekana kama anayeficha, na huenda amefuta ushahidi wa kumwokoa. Andika siku hiyo hiyo kwenye daftari lako, saa ngapi, nani walikuwamo, ukurasa gani ulikuwa wazi, nani alichomeka flashi. Kinga ikiisha muda, mwandikie mwalimu mkuu barua, na nakala uiweke nyumbani, si kwenye kompyuta ile ile! Neno lako la siri usimpe mtu, hata akiwa mkubwa. Akilazimisha, mwombe aandike.

Ukiitwa ofisini juu ya jambo hili, usiende peke yako, na karatasi ya kukiri usiitie sahihi eti mambo yaishe kimya kimya. Mwite mwakilishi wa tawi lako kwanza. Aliyekwisha kufukuzwa asikae na barua sandukuni, kwa kuwa malalamiko kwa ofisa wa leba hupelekwa ndani ya miezi mitatu. Aje nayo ofisi ya tawi, pamoja na barua ya kuajiriwa na hati za mshahara.