Walezi wa watu wazima wenye ulemavu wa akili wakaguliwe

WAHENGA walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ina busara kwa mgeni awezaye kuaga na kwenda zake. Lakini ikiwa mgeni huyo ni mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, aliyepelekwa kukaa katika nyumba isiyo ya jamaa zake, asiyeweza kufunga safari peke yake wala kusimulia yaliyompata, ni nani atakayepima uzito wa jembe analopewa?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Shangazi yangu alipofariki aliacha mwana wa miaka 34 aliyezaliwa na ulemavu huo. Sisi jamaa, kila mmoja akiwa na kazi na udhuru wake, tulikubaliana akae kwa familia moja iliyosifiwa kwa ukarimu, nasi tukawa tunatuma fedha za matunzo kila mwezi. Nilipomtembelea mara ya kwanza, mama mwenye nyumba akiwa ameketi kando yetu, nilimwuliza, "Hapa unakaa vizuri?" Akajibu, "Vizuri." Nikarudi Nairobi moyo wangu umetulia.

Ilinipasa kujua zaidi, maana isimu ndiyo kazi yangu. Binamu yangu, kama walivyo baadhi ya wenzake, hulirudia neno la mwisho la swali aulizwalo. Ningalimwuliza kama anakaa vibaya, angalijibu, "Vibaya." Nililichukua mwangwi wa sauti yangu mwenyewe nikaufanya ushahidi.

Miezi minane baadaye ndugu yetu mmoja alifika huko bila taarifa. Alimkuta amekonda, analala katika ghala la mahindi, na viganja vimechubuka kwa kulima na kuchota maji tangu alfajiri. Mzee wa serikali tuliyemwendea alisema hayo ni mambo ya nyumbani. Katika ofisi inayoshughulikia watoto tuliulizwa umri wake. Tulipoutaja, faili ikafungwa.

Hapo ndipo penye pengo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka utaratibu wa malezi ya mtoto katika familia isiyo yake: mlezi huchunguzwa kwanza, kisha malezi hayo husimamiwa. Lakini mtoto huyo atimizapo miaka 18, ulinzi huo humwondokea, ijapokuwa ulemavu wake haukuondoka. Ni kana kwamba keki ya siku ya kuzaliwa ni dawa.

Si kwamba nchi hii haina misingi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na hata kuitwa kwa majina yasiyomdunisha. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinasema mtu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao. Aidha, Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ilitiwa saini mwezi Mei 2025. Kinachohitajika sasa ni kanuni za kuifikisha misingi hiyo mlangoni mwa nyumba.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba ukarimu haupewi leseni, na kwamba maafisa wakianza kubisha hodi, familia njema zitafunga milango na zile mbaya zitatoa rushwa. Hoja hii ina uzito, lakini historia haiungi mkono. Katika mji wa Geel, nchini Ubelgiji, familia zimekuwa zikiwapokea nyumbani wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu wa akili tangu Enzi za Kati. Katikati ya karne ya 19 serikali iliingilia kati na kuuweka utaratibu huo chini ya usimamizi wa madaktari. Milango haikufungwa. Kufikia mwaka 1938, wageni hao walizidi 3,500. Idadi imepungua sana tangu hapo, lakini desturi ingali hai. Familia hizo hupata malipo na pia mtu wa kukimbilia mambo yanapozidi. Usimamizi mwema humlinda mgeni na mwenyeji pia.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Jamaa anayemtunza wa damu yake asaidiwe, asisumbuliwe. Lakini yeyote anayelipwa ili kumweka mtu mzima asiye wa ukoo wake aandikishwe, na nyumba yake ionwe kabla mgeni hajaingia. Wageni katika nyumba moja wasizidi wawili, la sivyo nyumba itageuka bweni. Kuosha vyombo pamoja na wenyeji ni sehemu ya maisha ya nyumbani. Kulima shamba la biashara bila ujira ni utumwa, na kanuni ziseme hivyo waziwazi. Mkaguzi aje bila taarifa, na azungumze na mgeni mwenyewe, mwenyeji akiwa mbali.

Lakini atazungumza naye kwa lugha gani? Hapa nawageukia walimu, hasa wa shule na vitengo maalumu. Ninyi ndio mnaojua kwamba mwanafunzi fulani husema "ndiyo" kwa kila jambo, ila hushika sikio anapoogopa. Kwamba mwingine hasemi kabisa, lakini huonyesha picha ya anachokitaka. Maarifa hayo yasipotee siku anapohitimu. Mwandikieni kila mmoja ukurasa mmoja: hivi ndivyo akubalivyo, hivi ndivyo akataavyo, hivi ndivyo aonyeshavyo maumivu. Ukurasa huo uandamane naye kila aendako, na mkaguzi asome kabla ya kuuliza. Nanyi wanafunzi wa isimu mtafutao mada za utafiti, uwanja huu una kazi tele.

Binamu yangu sasa anaishi kwangu. Siku hizi, nikitaka kujua hali yake, simwulizi kama yu vizuri. Namwekea vikombe viwili mezani, kimoja karibu na kiti chake na kingine karibu na mlango, nami nangoja nione atakaa wapi.

Hujafa hujaumbika.