Milango Mingi, Wageni Wachache

Mwaka 2016 Eugen Rochko wa Ujerumani alianzisha Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mmiliki mmoja: kila kikundi huendesha seva yake, nazo seva huwasiliana. Mwishoni mwa 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter, watu wengi walihamia huko, lakini wengi hawakudumu. Mgeni alitakiwa achague seva kabla ya kujua tofauti zake. Aidha, baadhi ya Wamarekani weusi walipoeleza ubaguzi uliowapata, wenyeji waliwataka wayafunike maneno yao kwa onyo. Kwa maoni yangu, kasoro hiyo si ya mitambo. Kutawanya madaraka si kuyagawa sawasawa, maana aliyetangulia ndiye huweka desturi. Basi mwanafunzi atakayebuni mtandao na aulize kwanza: nani hayupo, na kwa nini?