MAMBO YA NYUMBANI: Meza ya Kazi Iwezayo Kuhama

Nyumba ya kota si mali ya anayeishi ndani yake, na barua ya uhamisho yaweza kufika wakati wowote. Kwa sababu hiyo askari wengi huona ni kazi bure kujitengenezea mahali pa ufundi. Vyombo vyao hubaki ndani ya gunia pembeni mwa gereji, msumeno ukiliwa na kutu chini ya majembe. Dawa yake ni meza isiyopigiliwa ukutani wala kutegemea misumari.

Meza hiyo husimama kwa miguu minne ya mbao za inchi 2 kwa 4, na viungo vyake hukazwa kwa bolti. Siku ya kuhama hufunguliwa kwa spana, ikafungwa kama mzigo mmoja na kupakiwa katika lori. Kwa ubao wa juu mvule ni mti bora, na mchwa hawaupendi, lakini bei yake si ya mshahara wa konstebo. Musizi au mkaratusi uliokauka vizuri utatosha. Neno “uliokauka” lisipitwe haraka. Mbao mbichi husinyaa baadaye, nati zikalegea na meza ikaanza kuyumba.

Kimo hakitafutwi kitabuni. Fundi na asimame wima, mikono ameiteremsha; uso wa meza uwe sawa na kifundo cha mkono wake. Kwa mtu wa kimo cha kawaida ni karibu sentimita 85. Aliyewahi kurithi meza ya mtu mfupi aujua uchungu wa kiuno.

Kila kiungo kitiwe bolti mbili za unene wa milimita 10, zikae kwa mshazari. Zikifuatana katika mstari mmoja wa nyuzi za mti, mbao hupasuka. Chini ya kila nati iwekwe washa pana ili chuma kisizame. Nyuma ya miguu ufungwe ubao wa mshazari, maana bila huo meza hupepesuka randa inaposukumwa. Kila kipande kichongwe alama kwa patasi, kwani ya penseli hufutika njiani. Miguu ikae juu ya matofali, ambapo njia za udongo za mchwa zitaonekana mapema.

Rafu ya chini ni ya vitu vizito tu. Mafuta ya taa aghalabu huwekwa hapo katika chupa ya soda, kwa kuwa chupa ndiyo iliyopo, na mtoto wa miaka miwili hajui tofauti. Mafuta hayo yakiingia mapafuni yaweza kuua. Mtoto aliyeyanywa asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja. Mahali pake ni galoni lenye kifuniko, ndani ya sanduku la kufuli lililoinuliwa asikofika mtoto. Petroli ya pikipiki haina rafu kabisa katika chumba hicho: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye sigiri iliyo barazani, na moto hurudi kwa njia ileile.