Kikaango cha seramiki si dawa

Ukiingia katika maduka makubwa ya mjini utaviona vikaango vya seramiki, vingi vikiwa vyeupe au kijani kwa ndani, vikisifiwa kwamba havishiki chakula na kwamba vinalinda afya. Wagonjwa wa presha na kisukari huniuliza kama wanunue. Jibu langu ni kwamba mwenye uwezo anunue, lakini kwanza afahamu anachonunua.

Kikaango hicho hakikufinyangwa kwa udongo kama chungu. Aghalabu ni alumini iliyopakwa utando mwembamba wenye asili ya silika, madini yapatikanayo mchangani. Vile vyeusi vya Teflon vina utando wa aina ya plastiki iliyogunduliwa Marekani mwaka wa 1938. Ukiviacha motoni vikiwa vitupu hadi vipite nyuzi 260 za Selsiasi, utando huo huanza kuharibika, na moto ukizidi sana hutoa moshi unaoweza kumletea mtu homa na kikohozi. Utando wa seramiki hauna plastiki hiyo. Sifa hiyo ni ya kweli.

Hata hivyo, faida kubwa zaidi ni kupunguza mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi. Mayai ambayo ungeyakaanga kwa vijiko viwili au vitatu, hapa yataiva kwa nusu kijiko. Tatizo ni kwamba utando wa seramiki hupoteza utelezi mapema kuliko ule wa Teflon. Chakula kikianza kushika, mpishi huongeza mafuta, na mgonjwa hurudi alikotoka huku pesa zake zimekwenda.

Kwa hivyo, msomaji, kutunza kikaango ni sehemu ya kutunza afya. Pikia moto wa kadiri, wala usikipashe moto kikiwa kitupu. Jiko la makaa halikifai kwa sababu moto wake ni mgumu kupunguza. Geuza chakula kwa mwiko wa mbao, si kwa uma wala kijiko cha chuma. Kikitoka motoni kiache kipoe. Usikitumbukize katika maji baridi. Kioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na sponji laini. Ondoa mafuta yote, kwa maana yanayobaki huungua siku ya pili na kuganda kama gundi, na chakula hushika hapo. Waya wa chuma usiukaribie kabisa. Unapovipanga kabatini, tenganisha kimoja na kingine kwa kitambaa. Haya yote mweleze pia anayekusaidia kazi za nyumbani, kwa kuwa mara nyingi ndiye mwoshaji na hakuna aliyemwambia.

Je, utando ukibanduka? Ukimeza kipande kidogo usiwe na hofu. Lakini alumini ikibaki wazi, vyakula vikali kama nyanya na ndimu huitafuna na kuiingiza katika mchuzi. Mwenye figo nzima huitoa sehemu kubwa kwa mkojo; mwenye ugonjwa wa figo huilimbikiza mwilini. Kikaango kilichobanduka kiondolewe jikoni. Hali kadhalika, sufuria zetu nyingi ni za alumini, kwa hivyo usilaze mchuzi wa nyanya ndani yake.

Ninachopinga ni kumfanya mgonjwa aamini kwamba chombo kitamponya. Chipsi ni chipsi hata zikikaangwa katika kikaango cha bei ghali, na chumvi haipungui kwa sababu sufuria ni mpya. Asiye na pesa za kikaango hicho asijione ameachwa nyuma. Achukue sufuria aliyo nayo na apime mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye chupa. Pesa alizookoa anunue matunda na mboga, na dawa zake asizikose hata siku moja.