Kitunguu kipunguze chumvi, kisifukuze vidonge

Goma na Bukavu, ni shida kupata nyumba inayopika maharagi au sambaza bila kitunguu. Wengi wanakitia kwa ajili ya harufu tu. Lakini kina nyuzi zinazosaidia tumbo, pamoja na vitamini C kidogo. Kikiliwa kibichi na nyanya, vitamini hiyo haipotei kwa moto.

Faida kubwa zaidi iko kwenye chumvi. Mama akikaanga vitunguu viwili polepole mpaka vibadilike rangi, mchuzi unapata utamu wenyewe, na hakuna haja ya kube tatu. Kube hizo, sehemu kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja kidogo cha chai, na chumvi ya kube inahesabiwa humo. Chumvi ikizidi, tensio inapanda.

Hapo ndipo wengine wanapotea njia. Mitaani inasemwa kwamba maji ya kitunguu yanaponyesha tensio na sukari, na kuna wagonjwa wanaoacha vidonge kwa sababu hiyo. Ni kuchezea maisha: tensio inapanda bila maumivu, na kiharusi hakibishi hodi. Kitunguu kibaki kwenye sufuria, kube zipungue, na vidonge viendelee mpaka munganga mwenyewe aseme vingine.