Simba wa Shilingi Hamsini

Saa mbili usiku saiba ya mtaani kwetu inakaribia kufungwa, na waliobaki kwenye foleni ni wazazi watupu. Mama mmoja anamwonyesha kijana wa kompyuta ujumbe wa mwalimu kwenye WhatsApp: kesho mtoto aje na picha ya simba, ya twiga na ya ndovu, zote za rangi. Ukurasa mweusi ni shilingi 10, wa rangi ni 50. Analipa 150 kwa M-Pesa, kisha anauliza: si afadhali ninunue printa yangu?

Tangu Mtaala wa Umilisi uanze rasmi katika shule za Kenya mwaka 2019, swali hilo halikauki. Jibu langu kwa nyumba nyingi ni hapana, na sababu imo ndani ya katriji.

Printa ndogo huuzwa rahisi kwa kuwa faida ya mwenye kiwanda iko kwenye wino. Chukua katriji nyeusi ya HP 123, inayokadiriwa kutoa kurasa 120 hivi. Tuseme umeipata kwa shilingi 2,000. Wino wa ukurasa mmoja ni karibu 17. Rimu ya karatasi 500 ikiwa 600, ongeza 1.20. Umeshafika 18 kwa ukurasa ambao saiba wanautoa kwa 10, na bei ya mashine hatujaigusa.

Tena kurasa hizo 120 ni za maandishi, ambapo wino hufunika sehemu ndogo tu ya karatasi, takriban asilimia 5. Simba aliyejaa ukurasa mzima hunywa wino wa barua kadhaa kwa mkupuo mmoja. Na usipoprinti, wino hukauka kwenye vijitundu, halafu printa hujisafisha kwa kutema wino uleule uliolipia. Yangu niliiacha likizo ya Desemba. Januari ikawa inatoa mistari tu. Siku hizi imewekewa chungu cha maua juu.

Printa za tangi hugeuza hesabu. Chupa nyeusi ya Epson 003 hukadiriwa kutoa kurasa 4,500. Tuseme chupa ni 1,200 na mashine ni 25,000: wino na karatasi havifiki shilingi moja na nusu kwa ukurasa mweusi, kwa hiyo unaokoa kama 8.50. Hata hivyo, itakubidi utoe kurasa 2,900 na ushee kabla mashine haijarudisha pesa yake. Nyumba inayoprinti kurasa 20 kwa wiki itafika huko mwaka wa tatu ukielekea kwisha. Mwalimu wa tuisheni au katibu wa chama, yeye anunue hata leo.

Saiba nayo ina gharama isiyoandikwa ukutani. Kitambulisho au hati ya benki uliyomtumia kijana kwa WhatsApp hubaki kwenye mashine ya watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, lakini mimi husimama palepale mpaka nione faili limefutwa. Mtu akinunua printa kwa sababu hiyo tu, sitamcheka.

Ila simba wa mwalimu ni jambo jingine. Darasa la watoto 40, kila mmoja na picha tatu za rangi, ni shilingi 6,000 zilizotoka mifukoni mwa wazazi usiku mmoja. Shule ingeziprinti picha hizohizo mara moja, ikazibandika ubaoni kwa 150, na watoto wote wakaziona.

Mwalimu, ikiwa lazima kila mtoto awe na simba wake, tutumie mchoro wa mistari myeusi. Ni shilingi 10 saiba, na rangi atapaka mwenyewe kwa kreyoni.