Dakizo Si Jibu

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba michezo ya mezani ya kuigiza wahusika haiwezi kuandikwa kwa Kiswahili, eti sheria zake ni za kitaalamu mno. Mimi nasema kinyume chake. Sehemu inayoleta ugomvi kuliko zote katika sheria hizo, yaani ruhusa ya kuingilia zamu ya mwingine, Kiswahili kinaiweza kabisa, na Kiingereza cha kitabu kinachochezwa sana kimeiboronga. Kinachotukwamisha ni uvivu wetu wa kutafsiri.

Kwa msomaji asiyeijua michezo hii: wachezaji huketi mezani, kila mmoja ana mhusika wake, na msimamizi mmoja huendesha maadui na dunia yote iliyobaki. Unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Vita huenda kwa zamu. Hata hivyo, zipo nafasi chache ambapo unaruhusiwa kutenda katika zamu isiyo yako: adui anakimbia, unampiga, upanga unakujia, unainua ngao ya kichawi. Hapo ndipo kelele huanza.

Tazama toleo la tano, la mwaka 2014. Sheria ya kumpiga anayetoroka inakuruhusu kumpiga adui wakati anatoka katika eneo unaloweza kulifikia. Swali: ametoka au hajatoka? Kama ametoka, silaha yako haimfikii tena na sheria imejiua yenyewe. Waandishi waliliona tatizo hilo, wakaongeza sentensi nyingine inayoeleza kwamba pigo linatokea kabla tu hajatoka. Yaani sentensi ya pili imeletwa kuja kuizima ya kwanza. Katika kitabu hichohicho, mchezaji aliyetayarisha kitendo akingoja jambo fulani litokee, hutenda jambo hilo likishamalizika. Nafasi hizi mbili, moja inayotangulia na nyingine inayofuata, zimepewa jina moja.

Jambo la kusikitisha ni kwamba toleo la nne, la mwaka 2008, lilikuwa limekwisha kuzitenganisha. Lilikuwa na kitendo kinachoingia kabla ya kile kilichokichochea, na kingine kinachokuja baada yake. Lilieleza pia kwamba cha kwanza kikifanya kitendo cha adui kisiwezekane tena, basi kitendo hicho kimepotea. Watu wengi walililalamikia toleo lile, na mengine waliyolalamikia yalistahili. Lakini katika hili lilikuwa sahihi, na kulitupa ilikuwa hasara.

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Mtafsiri mvivu akikutana na sheria hizi huandika "wakati": wakati adui anaondoka, wakati unapigwa, wakati mchawi anafanya uchawi. Neno hilo halijakosea, ila halisemi kitu. Ilhali tunavyo viambishi tunavyofundishwa tangu mwaka wa kwanza, ambavyo kazi yake ni hiyohiyo ya kupanga nini kimetangulia nini. Kabla adui hajaondoka. Adui anapoondoka. Adui akishaondoka. Hizo ni sheria tatu tofauti kabisa. Ya kwanza inakupa pigo yeye akiwa bado mbele yako. Ya pili inakuruhusu kumpiga katikati ya mwendo. Ya tatu inakuacha na upanga hewani, labda uwe na upinde. (Katika mtihani tunaulizwa tutaje matumizi matano ya "-ki-", tunayataja, tunapata alama zetu na kuyasahau. Nani amewahi kuulizwa ni kiambishi kipi kitamwokoa mhusika wake?)

Sisemi kwamba Kiswahili kinajiandika chenyewe. Hiyo "-ki-" ikiachwa peke yake ni mtego. "Akipita mlangoni, mpige" inaweza kuwa sharti, inaweza kuwa wakati mmoja, na haionyeshi kama amesimama ndani, kizingitini au nje. Mwandishi lazima achague. Ninachodai ni kwamba lugha imempa vya kuchagua, na asipochagua, lawama ni yake.

Majina nayo tunayo. Mtu anayeingilia maneno ya mwenzake kabla hajamaliza, tunasema anamdakiza. Basi kitendo kinachomkatiza adui kabla hajamaliza kiitwe dakizo. Na kinachokuja yeye akishamaliza kiitwe jibu, kwa maana hakuna anayejibu swali ambalo halijaulizwa. Mtoto wa shule atatofautisha dakizo na jibu bila kusoma kurasa mbili za maelezo.

Mfano mgumu zaidi ni ile ngao ya kichawi. Katika toleo la 2014 unaruhusiwa kuiita ukishapigwa, nayo inaongeza kinga yako kwa 5, hata dhidi ya pigo lililokupata. Mchezaji mgeni huuliza, tena ana haki: nimeshapigwa, ngao ya nini? Kosa ni kwamba tendo la kupigwa limebeba hatua tatu. Kwanza dadu yenye nyuso 20 inarushwa, halafu jumla inalinganishwa na kinga, kisha madhara yanahesabiwa. Ngao inaingia kati ya hatua ya pili na ya tatu. Sheria ingesema hivi: "Ikishajulikana kwamba pigo limekupata, na kabla madhara hayajahesabiwa, unaweza kuinua ngao. Kinga yako inaongezeka kwa 5 na jumla ileile inalinganishwa upya." Hakuna aliyechoka kuisoma sentensi hiyo. Wanaodai kwamba uwazi hurefusha sheria wangehesabu kwanza maneno tunayopoteza mezani tukibishana.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba kazi ya msimamizi ndiyo hiyo, aamue yeye. Naikataa. Msimamizi aamue yale ambayo kitabu hakikuweza kuyawaza: mchezaji akitaka kumhonga joka kwa mbuzi, sawa, aamue. Lakini kukimbia na kupigwa hutokea karibu katika kila pambano. Kumwachia msimamizi mambo hayo ni kumbebesha kazi ambayo mwandishi alilipwa aifanye. Mpira wa miguu haufanyi hivyo. Sheria ya kuotea inataja nukta yenyewe: mchezaji hupimwa pale alipokuwa mwenzake alipougusa mpira, si pale alipoupokea. Tunaweza kugombana usiku kucha kuhusu picha ya televisheni, lakini hakuna anayegombania ni nukta ipi inapimwa.

Zaidi ya hapo, tuulize ni nani hushinda ubishi sheria ikiwa na utata. Katika kikundi chetu hapa Kampala wamo waliosomeshwa kwa Kiingereza, na wamo waliotoka Goma, Bukavu na Bujumbura, waliosomeshwa kwa Kifaransa. Kitabu ni cha Kiingereza. Kila sheria inapokuwa na maana mbili, inayopita ni maana ya yule anayekisema Kiingereza kwa kasi. Nimemwona mchezaji mwenye akili sana ya vita akimpoteza mhusika aliyemlea muhula mzima, kwa sababu tu hakuweza kutetea usomaji wake kwa lugha ya kitabu. Wiki iliyofuata hakuja. Lugha ambayo sisi sote tunaweza kugombana nayo tukiwa sawa ni Kiswahili, ndiyo maana tunaandika kijitabu chetu, na ndiyo maana sikubali kiandikwe kwa "wakati".

Kwa walimu wetu nina neno fupi. Tunapewa barua rasmi na habari za magazeti tutafsiri, nazo zina faida yake. Tupeni pia ukurasa mmoja wa sheria za mchezo. Makosa yake yatajulikana jioni hiyohiyo, kwa sababu watu sita wataketi kuucheza na mmoja wao atakataa kufa.

Katika kijitabu tumebakiwa na mvutano mmoja. Madakizo mawili yakiingia katika kitendo kimoja, lipi litangulie? Mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering ulifuta aina yake ya kadi za kudakiza mwaka 1999, ukaweka utaratibu wa rundo: lililowekwa mwisho juu ndilo linalotekelezwa kwanza, kama sahani zinavyotolewa kabatini. Mimi natetea rundo. Wenzangu wawili wanataka aliye karibu zaidi na adui ndiye aanze. Nimeshaandika sentensi yangu na kuwapa; nangoja yao.